Bagamoyo kwa Miguu: Mabega Yaliyoileta Imani Ziwani

Wapendwa waamini, sisi tunaoishi Butimba tumezoea kusema kwamba imani ililetwa kwetu na mapadre Wafaransa. Tunasema hivyo katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza na katika sherehe za jubilei. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, siku moja niliyoitumia kutembea mjini Bagamoyo kwa miguu, taratibu na bila kufukuzana na saa, ilinionyesha kwamba ukweli huo haujakamilika. Juma hili napenda tuyarudie matembezi hayo pamoja, kwa sababu njia iliyoifikisha Injili kwenye ziwa letu ilianzia huko.

Nilianzia ufukoni asubuhi na mapema, wavuvi wakiwa wanashusha samaki na wanunuzi wakipandishana bei. Hapo ufukoni upo msalaba wa kumbukumbu ya wamisionari wa kwanza. Tarehe 4 Machi 1868, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, mzaliwa wa Alsace nchini Ufaransa, walianzisha misioni hapa wakitokea Zanzibar, ambako Shirika lao lilikuwa limefanya kazi tangu mwaka 1863. Kutoka pwani nikafuata barabara ya miembe, ambayo kivuli chake humfanya mtu apunguze mwendo hata kama hakukusudia. Mwishoni mwake ndipo penye majengo ya misioni.

Mtu akisimama hapo anaweza kudhani amefika katika kijiji cha Ufaransa kilichohamishiwa chini ya minazi. Ipo nyumba ya mapadre yenye ghorofa na baraza ndefu, na upo mnara wa kanisa la kwanza. Lipo pia groto la Bikira Maria wa Lourdes, lililojengwa mwaka 1876, yaani miaka 18 tu baada ya Bernadetta kutokewa kule Lourdes. Nilikaa hapo nikasali rozari nzima. Nilipoinuka, nikasoma kwamba groto hilo lilijengwa kwa mikono ya watu waliokombolewa utumwani. Kuanzia hapo niliyatazama mawe yake kwa jicho jingine.

Maana misioni hii ilikuwa kwanza makimbilio ya watumwa. Kwa sadaka zilizokusanywa Ulaya, mapadre waliwakomboa watu, wengi wao watoto, katika soko la watumwa la Zanzibar kabla halijafungwa mwaka 1873. Waliwapa shule, ufundi, mashamba na Ubatizo. Tuseme wazi pia jambo linalotusumbua: ukombozi huo ulimaanisha kutoa fedha mkononi mwa mfanyabiashara, na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka maisha ya kengele, sala na jembe aliyopangiwa. Katika makumbusho ya misioni, yaliyomo katika iliyokuwa nyumba ya masista, nilitazama minyororo ya chuma kwa muda mrefu. Sikuona sababu ya kuwahukumu Padre Horner na wenzake, waliofanya lililowezekana. Niliona tu kwamba historia ya Kanisa letu ilianza na watoto waliong'olewa makwao. Watoto hao walipokua wakaoana, baadhi ya familia zao zilikwenda bara pamoja na mapadre kuanzisha misioni mpya, kama ile ya Mhonda ya mwaka 1877. Kwa hiyo majirani wa mahali hapo hawakumwona padre peke yake. Waliona pia familia ya Kikristo ya Waafrika ikilima, ikisali na kulea watoto.

Karibu na hapo nilisimama chini ya mnara. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapa kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Livingstone hakuwa Mkatoliki, lakini mapadre walimpokea kwa heshima. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake mwendo wa miezi mingi hadi pwani. Alipozikwa kwa heshima kuu huko London mwezi Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Mchana nikaenda katika makaburi ya wamisionari. Misalaba imepangwa kwa safu na ina majina na miaka. Ukitoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa, mara nyingi unapata umri wa kijana, kwa kuwa homa za pwani hazikuwasubiri wazeeke. Niliwaombea kwa majina, mmoja mmoja. Kisha nikatembea hadi Mji Mkongwe, nikapita kwenye milango ya nakshi, nikanunua kahawa na kashata, nikafika kwenye ua wa zamani wa misafara. Hapa ndipo wapagazi walipopumzika. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa kwetu, walioteremka na pembe za ndovu na kurudi bara na vitambaa, shanga na nyaya. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku, kwa miezi. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa Wanyamwezi kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado hajawa mtu mzima. Wenyeji huelezea jina la Bagamoyo kwa namna mbili: kubwaga moyo wa mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari, na kubwaga moyo wa mpagazi aliyetua mzigo wake akapumua.

Ni katika mji huu, mwezi Juni 1878, wamisionari kumi wa Kardinali Lavigerie, tunaowaita Mapadre Weupe, walikusanya wapagazi na kuanza safari ya kwenda kwenye maziwa makuu. Padre Joachim Pascal alifia njiani. Huko Unyamwezi msafara ukagawanyika, na kundi la Padre Léon Livinhac likafika Kageye, kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Victoria, mwishoni mwa Desemba 1878. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi hadi Buganda, wakafika Februari 1879. Mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda, wamisionari walianzisha misioni ya Bukumbi, si mbali na hapa Butimba, na huko Padre Jean-Joseph Hirth aliwekwa wakfu kuwa Askofu tarehe 25 Mei 1890.

Majina hayo tunayo, na ni haki tuyatunze. Lakini mvinyo wa Misa, hosti, vitabu, altare ya safari na dawa havikutembea vyenyewe kutoka baharini hadi ziwani. Vilibebwa mabegani na watu ambao wengi wao hawakuwa wamebatizwa, na huenda hawakujua walichobeba. Pale kwenye ua wa misafara hakuna safu ya misalaba yao. Nilitaka kuwaombea kwa majina kama nilivyowaombea mapadre, nikashindwa, kwa kuwa sikuwa na jina hata moja.

Hapo nikamkumbuka Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika, aliyekuwa akitoka shambani akashurutishwa kuuchukua Msalaba wa Bwana. Naye hakuomba mzigo ule, wala Injili haituambii alifikiri nini njiani. Hata hivyo Mwinjili Marko alihakikisha tunalijua jina lake, na majina ya wanawe wawili pia.

Wapendwa, majina ya wapagazi wale yametupotea, lakini kuna mengine ambayo bado yanaweza kuokolewa. Ni nani katika ukoo wako aliyebatizwa wa kwanza? Ni katekista gani aliyetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kuwafundisha bibi na babu zetu, akilala njaa, bila mshahara wa kutosha? Wazee wanaojua wanaondoka mmoja mmoja. Ninaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote ziwaulize wazee wao majuma haya, ziandike majina hayo katika daftari na kuyaleta parokiani. Mwezi Novemba, tunapowaombea Marehemu wote, tutayasoma kwa sauti mbele ya altare, kisha tutasali pia kwa ajili ya wale ambao Mungu peke yake anawajua kwa majina.