Usianze na Invoker

Likizo ya Agosti mdogo wangu alikuja kukaa kwangu Syokimau wiki mbili. Yuko kidato cha tatu. Siku ya pili alikuwa ashafungua laptopu yangu, akapata Dota 2, akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilimuuliza mtu mwaka 2018: "Bro, nianze na nani?"

Kama hujawahi kucheza, picha ni hii. Timu mbili, watu watano kila upande, minara, na jengo kuu la wapinzani ambalo mnafaa kulibomoa kabla hawajabomoa lenu. Wahusika ni zaidi ya 120 na wote ni bure tangu siku ya kwanza. Unachagua mmoja na unakaa naye mpaka mechi iishe, dakika arobaini hivi, wakati mwingine saa nzima. Ukichagua vibaya huumii peke yako. Kuna watu wanne ambao jioni yao umeishika mkononi.

Orodha za wahusika rahisi ziko nyingi. Nilianza kumsomea moja nikaacha katikati, kwa sababu nyingi zimeandikwa na watu wanaoishi karibu na seva. Sisi tunaishi karibu na stesheni ya treni.

Nikaamua nimpe jibu refu.

Mwaka 2002 kampuni ya Blizzard ilitoa Warcraft III, na ndani yake ikaweka kifaa cha kutengenezea ramani zako mwenyewe. Mwaka uliofuata jamaa mmoja aliyejiita Eul akatumia kifaa hicho kutengeneza ramani aliyoiita Defense of the Ancients, yaani DotA. Baadaye toleo la Allstars likaingia mikononi mwa Guinsoo, na mwaka 2005 likapita kwa IceFrog. Jina la Eul bado liko ndani ya Dota 2, limebandikwa kwenye silaha unayonunua dukani. Walikuwa wanatumia miili iliyokuwepo tayari: Pudge, lile jitu nene lenye ndoano, lilikuwa askari wa kawaida tu wa Warcraft. Kwa hivyo wahusika waliongezeka bila mpango, mmoja mmoja, na hakuna aliyeketi chini akafikiria mtu anayefungua gemu kwa mara ya kwanza. Ulijifunza kwa kusoma majukwaa ya mashabiki au kwa kutukanwa.

Binamu yangu mkubwa alijifunza kwa kutukanwa. Alikuwa chuoni kabla yangu, enzi ambazo faili ya ramani ya DotA ilikuwa megabaiti chache tu na ilitoshea kwenye flashi yoyote. Hawakuhitaji intaneti. Walikuwa na swichi moja na nyaya zilizopitishwa madirishani kutoka chumba hadi chumba, na anasema hosteli yao ilionekana kama nyumba iliyoshikwa na buibui. Kwenye mtandao wa aina hiyo umbali haupo. Ukibonyeza, kitu kinatokea. Ungeweza kujifunza mhusika yeyote, hata mgumu kabisa, na mwalimu wako alikuwa kwenye kiti cha pili, mkono wake ukifika kisogoni kwako. Sheria yao ilikuwa rahisi: mgeni anapewa sapoti, yule mhusika wa kuponya na kulinda wenzake ambaye hakuna anayemtaka, halafu wanne wanampigia kelele mpaka aelewe ramani. Si ustaarabu, lakini walitoka hapo wakijua kucheza.

Halafu ikaja 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, na tayari umepoteza karibu nusu sekunde. Juni mwaka huo waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, huko Falme za Kiarabu. Julai ukawashwa wa SEACOM. Mwezi wa kumi, Marekani, Riot Games wakatoa League of Legends ikiwa na wahusika 40, na hapo ndipo mtu wa kwanza kufungua gemu alianza kufikiriwa kwa dhati: wachache wa kucheza bure kila wiki ili uwaonje, na mafunzo ya mwanzo ambapo ulishikishwa mkono ukicheza Ashe, mpiga mishale ambaye hatakiwi kumkaribia mtu. Dota 2 ilipotoka rasmi 2013 nayo ilikuwa na hali ya mchezo yenye orodha fupi ya wahusika.

Wakamba wana hadithi ya Syokimau, yule nabii aliyeona nyoka mrefu akitoka baharini akipumua moto na moshi. Nyoka alikuwa reli, na mtaa wetu ukachukua jina lake. Huwa natania kwamba aliona nyoka mmoja na wakaja wawili, na wa pili hapumui chochote. Lakini waya ulikuja bila seva. Seva zikabaki Ulaya, nyingine Dubai, nyingine Afrika Kusini.

Piga hesabu kidogo. Mwanga ndani ya waya hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mombasa hadi Fujairah kwenda na kurudi ni karibu kilomita 10,000, kwa hivyo milisekunde 50 zimeenda hata kabla hujafika Nairobi, sembuse Ulaya. Kwangu mimi, pingi ya seva ya Ulaya Magharibi ilizunguka 160. Ya Afrika Kusini ilikuwa chini sana ya hapo, lakini unaweza kungoja mechi mpaka ugali uive. Jicho na kidole cha binadamu tayari vinahitaji kama milisekunde 200 kuona na kubonyeza. Ongeza 160. Mhusika wako hasogei mpaka seva ikubali, kwa hivyo unacheza na adui aliyekuwa pale, wakati yeye ashaondoka.

Sasa rudi kwenye wahusika. Ndoano ya Pudge inalengwa kwa macho. Ukiirusha ukiwa Syokimau unairusha mahali mtu alipokuwa. Invoker ana mipira mitatu unayoichanganya kupata nguvu kumi tofauti, na kila moja ina wakati wake. Meepo anajigawa, na nakala yake moja ikifa wote wamekufa. Upande wa pili kuna Ogre Magi, jitu la vichwa viwili na akili ya nusu kichwa. Moto wake wa kupooza hauhitaji kulenga: unambonyeza adui, anapoozwa, basi. Ana mwili mgumu tangu dakika ya kwanza, kwa hivyo pingi ikiruka hafi haraka. Wraith King kwa miaka mingi alikuwa na kitufe kimoja tu cha maana, na akiuawa anafufuka mwenyewe. Crystal Maiden ni dhaifu kama karatasi, lakini kwa miaka mingi alikuwa anawaongezea wenzake wote mana, popote walipo kwenye ramani, hata yeye akiwa amesimama tu. Hiyo ni zawadi ambayo hakuna waya unaoweza kuichelewesha.

Mimi haya yote sikuyajua 2018. Nilikuwa mwaka wa kwanza, tukaishi watano kwenye keja mbili zilizopakana. Mmoja alileta kwenye flashi filamu ya Free to Play, ile Valve walitoa 2014 kuhusu mashindano ya kwanza ya The International, Cologne, 2011, ambapo timu ya Natus Vincere ilibeba dola milioni moja. Tuliiangalia mara tatu. Kesho yake nikasema mimi ni Invoker.

Nilifanya mazoezi dhidi ya roboti, kwenye mashine yangu mwenyewe, bila mtandao. Vidole vilikuwa vinapiga kinanda. Nikiingia seva ya Ulaya kila kitu kilifika kikiwa kimechelewa, na badala ya kuangalia ile namba ya pingi juu ya skrini niliangalia wenzangu. Hasa mmoja, aliyecheza Crystal Maiden. Alinunua vile vijiti vya kumulika ramani kwa dhahabu yake, akafa akitukinga, akamaliza mechi akiwa hana hata viatu vizuri. Maze, huyo ndiye pia aliyelipia ruta. Usiku mmoja, baada ya kupoteza mechi ya sita, nikamwambia hadharani kwamba hana kazi. Hakujibu. Alizima ruta akaenda kulala, na timu ikawa imeisha hivyo tu.

Yeye ndiye alikuwa ananitumia noti za madarasa niliyolala. Baada ya usiku ule sikumwomba tena, na yeye hakutuma tena. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Mama anaamini ni gemu iliyonitoa. Kulikuwa na karo, kulikuwa na mitihani miwili niliyokosa kwa sababu nilikuwa macho hadi saa kumi na moja alfajiri, na kulikuwa na ile aibu ya kupita mlangoni kwake. Huwa namwambia Mama ni karo.

Mimi nilimhamia Ogre Magi 2020, kila mtu akiwa amefungiwa nyumbani. Mei 12, 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika kusini baharini na nusu ya Afrika Mashariki ikabaki inasubiri kurasa zifunguke, pingi yangu ilifika 300. Nilicheza Ogre wiki nzima na nilikuwa bado na faida kwa timu.

Mdogo wangu alisikiliza haya yote akila mandazi yangu. Akasema, "Sawa, lakini Invoker anakaa poa." Nikamwekea Ogre. Mechi tatu za kwanza alikufa vizuri. Ya nne alimpooza mtu kwa wakati, mwenzake akamaliza, na mgeni fulani huko Ulaya akaandika asante. Alipiga meza mpaka jirani akagonga ukuta.

Wiki ya pili kuna mwingine alimchukua Ogre kabla yake. Sikusema kitu. Akateremsha orodha polepole, akampita Pudge, akasimama kwa Invoker muda mrefu, kisha akachukua Crystal Maiden. Dakika ya kumi, akiwa anaweka vijiti karibu na mto, akauliza bila kugeuka:

"Na ile timu yenu, yule wa ruta, siku hizi mnaongea?"

Nilimtumia ujumbe 2022. Alijibu "sawa" na hiyo ni story ingine.

"Angalia ramani," nikamwambia. "Wanakujia wawili."