Telekomande ya projekta na laza yake: namna ya kuitumikisha bila hatari

Ku mashule, makanisa na sale za mikutano, telekomande za projekta mara mingi ziko na kifungo cha laza, kile kinachotoa kadoa kekundu ao ka kijani ku ukuta. Kadoa ni kadogo, lakini nguvu yake yote inakusanyika pahali pamoja. Ikiingia ndani ya jicho, inaweza kuunguza sehemu ya nyuma, ile inayotufanya tuone. Mtu hasikii maumivu, na kidonda hicho mara mingi hakiponi.

Angalia kwanza kibandiko. Laza ya kilasi 2 haipiti miliwati 1. Jicho linajifumba lenyewe mbele haijaumia, kama mtu hajilazimishi kuitazama. Kilasi 3B na 4 si za kuonyeshea masomo. Kama hakuna kibandiko, iache.

Lenga ukuta tu, si watu, kioo wala dirisha, juu mwanga unarudi. Ukigeukia watu, achia kifungo. Usilenge pikipiki, motokari ao ndege: anayeendesha anapofuka kwa muda, na ajali inatokea.

Telekomande si mchezo wa watoto. Zingine ziko na pile ndogo ya mviringo. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2 tu. Usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja.

Ukimaliza, zima projekta kwa telekomande, ngoja feni isimame, ndipo ukate grupu. Kama itakaa muda mrefu, toa pile.