Kiwangwa Katika Ramani za Kale

Ndugu zetu wana-Kiwangwa, kwenye ramani zilizochapishwa Berlin enzi za Wajerumani, Ruvu ya chini inaitwa Kingani na Bagamoyo imeandikwa Bagamojo. Wachoraji walifuata njia za misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, wakaandika walivyosikia. Pembeni mwa njia waliacha patupu. Lakini hapakuwa patupu: wazee wetu, Wakwere, Wadoe na Wazigua, walilima, walichimba visima na kuzika humo. Leo barabara ya lami ya Bagamoyo–Msata inapita kwetu, na shamba likiuzwa, jina lake la kale hupotea. Tuchange, vijana watembee na wazee, tuchore ramani yetu wenyewe wazee wangali hai.