Behewa la Barua na Jasho la Mfanyakazi

Mabepari huandika historia ya reli kwa majina ya wenye hisa. Sisi tuitazame kwa macho ya mfanyakazi. Mwaka 1838, katika reli ya Grand Junction nchini Uingereza, behewa la kusafirishia farasi liligeuzwa kuwa ofisi ya posta. Baadaye yakajengwa mabehewa maalumu. Humo makarani walichambua barua usiku kucha, wamesimama, treni ikienda mbio. Mifuko ilinaswa njiani kwa wavu uliotokeza ubavuni. Sifa ya kasi ikapewa injini, ingawa mikono hiyo ndiyo iliyoharakisha barua. Uchambuzi ndani ya treni ulikoma Januari 2004. Vyombo hubadilika, swali letu halibadiliki: nani anatoa jasho, na nani anavuna?