Diski Inayosomeka Kila Kituo

Kufomati diski ni kuifungulia daftari. Sehemu ndogo ya diski hutengwa kuandika kila faili limeanzia wapi, limeendelea wapi, na nafasi ipi bado tupu. Kompyuta husoma daftari hilo kwanza kabla ya kitu kingine. Tabu ni kwamba kila kampuni ilipanga daftari kwa utaratibu wake. Ndiyo maana eksteno, yaani diski ya nje, iliyojazwa kwenye Windows mjini Tabora huweza kufika Kigoma ikachomekwa kwenye Mac, mafaili yakaonekana yote, lakini ikakataa kuongezwa hata moja.

Njia hiyo inaijua tabu ya namna hii tangu enzi za misafara. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akitoka Bagamoyo kwenda Ujiji (Kigoma) kupitia Unyanyembe (Tabora), ilimbidi ajue mapema shanga gani hupokewa wapi. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, kwingine zikakataliwa. Sungomaji, zile kubwa mfano wa yai la njiwa, zilitakiwa Ujiji, si njiani. Aliyekosea kuchagua alibaki na mzigo wa kilo 30 na ushei begani mwa mpagazi, usionunua hata kibaba cha mtama.

Daftari la diski lililoenea kuliko yote ni FAT. Marc McDonald wa Microsoft alilibuni mwaka 1977, zama za disketi, na toleo lake la FAT32 likatoka 1996. Redio za magari, televisheni na sabufa, karibu zote hulisoma. Kasoro yake kubwa ni hii: ukubwa wa faili huandikwa kwa namba ya biti 32, hivyo faili haliwezi kufikia GB 4. Mwenye kibanda cha kuingizia watu filamu hulijua hilo bila kusomea. Flashi ya GB 32, tupu kabisa, inakataa filamu ya GB 5, na mteja anadhani ameuziwa feki.

Microsoft yenyewe ilikuwa na NTFS tangu 1993, imara zaidi, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya kila badiliko la daftari kabla ya kulitekeleza. Lakini Mac huisoma tu, haiiandikii. Apple nao walitoa HFS+ mwaka 1998 na APFS mwaka 2017, ambazo Windows haizisomi bila programu ya ziada; ext4 ya Linux, ya mwaka 2008, ni vivyo hivyo.

Suluhu ilikuja 2006 kwa jina la exFAT. Kikomo cha GB 4 kiliondolewa, kadi za kumbukumbu za SDXC zikaichukua 2009, na Mac ikaanza kuiandikia 2010. Linux ilichelewa, si kwa ugumu wa kazi bali kwa hataza za Microsoft. Agosti 2019 kampuni hiyo ilichapisha maelezo yake kamili, na Novemba mwaka huohuo exFAT ikaingia katika Linux 5.4. Si fomati bora kuliko zote. Haina ile kumbukumbu ya NTFS, hivyo umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, au eksteno ikichomolewa kwa pupa, daftari huweza kuvurugika.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache: kwenye Windows ni kubofya diski kwa kitufe cha kulia na kuchagua Format, kisha exFAT; kwenye Mac hufanywa ndani ya Disk Utility. Daftari la zamani hufutwa papo hapo, kwa hiyo vilivyomo hunakiliwa kwingine kwanza. Sabufa kuukuu bado inadai FAT32, na wengi wameamua kubeba vyote viwili: eksteno ya exFAT kwa kompyuta, na flashi ndogo ya FAT32 kwa ajili ya muziki.