Moto Mtoro na Fedha za Fadhila

Makabrasha ya miradi ya misitu yamejaa vichwa vya namna hii: "Ufadhili wa Ushirikishwaji wa Jamii katika Udhibiti wa Moto Kichaa". Hebu kisome kwa sauti kikaoni Lulimba, kusini mwa Fizi katika Kivu Kusini ya Kongo, kwenye barabara ya kushukia Kalemie, ambako kiangazi hakipiti bila nyasi kuwaka. Kila neno ni Kiswahili halali. Ukiyapima moja moja, utaona mkulima wa Lulimba hayumo hata katika neno moja.

Nianze na kichaa. "Moto kichaa" ni neno lililokomaa Tanzania. Maofisa misitu wanalitumia, na redio pia. Lina nguvu, sikatai. Lakini kichaa haulizwi sababu, na moto ukishaitwa kichaa hakuna anayeuliza ulianzia wapi. Upande wa Kivu watu husema "moto ya pori", sawasawa na Kifaransa cha ofisini, feu de brousse. Hilo linatuambia moto uko wapi, halituambii umefikaje huko. Nasi tunajua umefikaje: mtu alisafisha shamba, mwingine alitaka majani mabichi ya mifugo, mwingine alikuwa anafukuza panya, anarina asali au anachoma mkaa. Ulikuwa na mwenyewe, kisha ukamponyoka.

Ndiyo maana napendekeza "moto mtoro". Mtoro ana alikotoroka. Neno hili linamkumbusha mwenye shamba wajibu wake bila kumwita mhalifu, maana hata mlezi mwema hutorokwa. Najua lina uzito wake: zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia, na Kiswahili chenyewe kilifika ukanda huu wa Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyopita Ujiji kuelekea Kasongo. Nimelipima hilo, na bado nalichagua. Kwa masikio ya leo mtoro ni kwanza mtoto asiyeonekana darasani, naye hutafutwa arudi.

Tukumbuke pia kwamba moto, joto na kuota (kwa maana ya kupasha mwili joto) ni ndugu wa shina moja la Kibantu. Kwa asili yake, moto ni kitu cha kukaliwa karibu. Hivyo "mapambano dhidi ya moto" na "vita dhidi ya moto" ni misemo ya kigeni kwa shina lenyewe, na Fizi imeshachoka kusikia vita. "Udhibiti" ni afadhali, ila una harufu ya kituo cha polisi. Kwa nini tusiseme kuchunga? Kitenzi hiki kinabeba mambo mawili tunayoyahitaji: kuangalia kundi lisitawanyike, na kujihadhari. "Chunga moto!" mama humwambia mtoto jikoni. Mchungaji tumeshampa kanisa, basi tufuate mfano wa mchunga mbuzi na mchunga ng'ombe: anayefanya kazi hii awe "mchunga moto".

Mchunga moto mzuri huwasha. Mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto hutambaa chini, hula majani makavu na kuacha miti. Ukisubiri mpaka mwisho wa kiangazi, nyasi hizohizo hutoa ndimi zinazopanda hadi matawini. Ule wa mwanzoni wataalamu wanauita "moto wa mapema". Ni sahihi, lakini mapema kuliko nini? "Moto tangulizi" unajibu: unautangulia ule mkali, nao ukifika unakuta chakula kimekwisha.

Ule ukanda unaofyekwa ili moto usivuke, wengi huuita "njia ya moto". Hapa lugha imeteleza kabisa, kwa sababu njia ni ya kupitia. Mgeni akiambiwa afyeke njia ya moto ana haki ya kudhani anaukaribisha. Tunalo neno tayari, "ukingo", kutoka kukinga. Mto una ukingo wake. Moto nao upewe wake. Ukingo wa mto, ukingo wa moto: hata ulimi unafurahi.

Sasa fedha, na hapa sitaharakisha.

"Ufadhili" umetokana na fadhila, na fadhila kwa Kiarabu ina maana ya wema, lakini pia ziada, kile kilichobaki baada ya mwenyewe kutosheka. Kwa Mswahili, fadhila hulipwa. Aliyefadhiliwa huinamisha kichwa, hushukuru, na haulizi hesabu. Kijiji kinachopokea ufadhili kinaingia kikaoni kikiwa na deni la heshima kabla hata hakijafyeka ukingo mmoja. "Msaada" ni vilevile, ila umezoeleka zaidi.

"Ruzuku" ni ndugu wa riziki. Kuruzuku ni kazi ya Mwenyezi Mungu kwanza. Serikali ililiazima neno baadaye. Tanzania neno hili husikika sana kwenye mbolea ya ruzuku, yaani bei iliyopunguzwa, ilhali fedha za miradi hazipunguzi bei ya chochote. Hata hivyo lina faida moja: halidai kurudishwa, wala halidai shukrani kama fadhila. Libaki kwenye mkataba.

Kikaoni, mimi ningesema "mchango". Anayechanga hukaa duara moja na wachangaji wenzake. Shirika likileta panga, mabuti na posho, limechanga. Wanakijiji wakileta siku zao za kazi na ujuzi wa upepo wa bonde lao, nao wamechanga, na mchango wao uandikwe kwenye jedwali lilelile. Neno ufadhili haliwezi kuandika safu hiyo ya pili.

"Ushirikishwaji" uchambue kisarufi tu. Shiriki, shirikisha, shirikishwa: tumefika kwenye kutendwa. Mtu wa nje ndiye anayetenda. Mwenyeji anafanyiwa kushiriki. Hata "usimamizi shirikishi", istilahi iliyoenea katika misitu ya Tanzania, inabeba ile -sh- ya kusababisha. "Ushirika" au "ubia" vingetosha, na ubia una ladha ya hisa, kila mmoja na fungu lake. Fizi wana salongo, yaani kazi ya pamoja, neno ambalo kila mtu analijua, lakini enzi za Mobutu lilikuwa kazi ya lazima, na wazee hawajasahau. Nachagua "ujima": leo kwako, kesho kwangu, bila askari mlangoni.

Limebaki linaloniuma zaidi: "walengwa". Limetokana na kulenga, kazi ya mshale na bunduki. Tanzania linasikika kila siku kwenye kaya za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na hakuna anayeshtuka. Lakini kumwita mtu wa Lulimba mlengwa, mahali ambapo watu wamelengwa kwelikweli, ni kukosa masikio. "Wanufaika" ni laini zaidi, ila bado wamekaa wanangoja. Sheria ya Kongo yenyewe imeshatangulia: amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kukabidhiwa msitu wa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Waliokabidhiwa wana jina fupi la Kiswahili, "wenye msitu". Liandikwe hivyo katika kila karatasi ya fedha.

Nyongeza moja kwa wanaoandaa bajeti. Moto ukishazimwa, magogo huendelea kufukuta ndani kwa ndani, na upepo wa usiku unaweza kuuamsha. Lazima watu walale macho pembeni yake. Kazi hiyo huwa haionekani kwenye bajeti kwa kuwa haijapewa jina. Iitwe "mkesha wa moto", iwekewe mstari wake, na anayelipwa aandikwe mkeshaji.