Maelezo ya Zana, Wala Si Wasifu Wake

Katika istilahi zilizozaliwa pamoja na mawakala wa akili mnemba, yaani zile programu ambazo mtu huzikabidhi haja yake nazo zikaitafutia njia kwa kupeleka maombi katika wavuti, ipo moja inayokubali tafsiri mbili za Kiswahili, na hitilafu baina ya hizo mbili si ya mapambo. Nayo ni jina la ibara fupi, iliyoandikwa kwa lugha ya kawaida ya wanadamu, inayomjulisha wakala kwamba zana aliyopewa hufanya nini, hufaa wakati gani, na hurudisha nini. Mmoja aweza kuiita wasifu wa zana. Mwingine, maelezo ya zana. Rai yangu imeelemea upande wa pili.

Wakala haoni yaliyomo ndani ya zana. Tangu OpenAI ilipowafungulia watunga programu njia ya modeli, yaani akili inayomwendesha wakala, kuita kazi za nje mwezi Juni 2023, na Anthropic ilipotoa MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana, mwezi Novemba 2024, desturi imekuwa takriban moja: modeli hukabidhiwa jina la zana, maelezo yake, na muundo wa vigezo vya kujazwa, basi. Msimbo, ambao ndio unaotuma ombi kwa seva na kupokea jibu, umesitirika kwake kabisa, hata ibara ikiwa na kiza, hana pengine pa kupatia nuru.

Sasa, neno wasifu, pamoja na uzuri wake, lina udugu na sifa, na sifa kwetu ni hali ya kitu na pia ni kukitukuza kitu hicho. Ilhali maelezo yametoka katika kueleza, na kueleza ni kulifanya jambo limwelee mtu. Ibara isemayo “zana madhubuti na nyepesi ya kuleta data kutoka wavuti” imesifu, lakini haikueleza. Tuseme zana hiyo huleta kurasa, maelezo ya haki yangekuwa haya: “Huleta matini ya ukurasa mmoja kwa njia ya GET. Itumie pale tu anwani kamili inapojulikana. Usiitumie kutafuta mada wala kutuma fomu. Anwani ianze kwa https. Hurudisha matini bila picha, nayo hukatwa baada ya herufi 20,000. Jibu likiwa 404, ukurasa haukupatikana, usirudie ombi. Likiwa 429, maombi yamezidi, ngoja kwanza.” Ni ibara kavu, na ukavu huo ndio ubora wake. Maneno yenye thamani kuu humo ni yale ya kukataza, kwa kuwa zana mbili zinazokaribiana, moja ya kutafuta na moja ya kuleta, hutenganishwa na mipaka yao kuliko majina yao.

Hatari huzidi pale ombi linapogeuza mambo huko liendako. Kanuni za HTTP, itifaki ya maombi ya wavuti, zilizotolewa mwaka 2022 kwa nambari RFC 9110 zinaihesabu GET kuwa njia salama, kwa maana mwombaji hakukusudia kubadili chochote katika seva. PUT na DELETE si salama, ila kulirudia ombi lile lile kumekusudiwa kuwe na athari ya ombi moja. POST haina hata dhamana hiyo. Basi zana ya kuweka oda dukani, ikitumia POST na mtandao ukakatika kabla ya jibu kufika, humwacha wakala katika shaka, naye kwa bidii yake akarudia, na mteja akatozwa mara mbili. Maelezo yakitamka bayana kwamba ombi hili lisirudiwe kabla ya kuhakiki hali ya oda, na yakamtajia zana ya kuhakikia, balaa hilo aghalabu huepukwa. Nasema aghalabu, maana maneno humwongoza wakala lakini hayamfungi. Kizuizi cha yakini, kama ukomo wa malipo au idhini ya mwenye fedha, mahali pake ni ndani ya msimbo.

Kwa hiyo nawasihi watunga zana, kabla ya kumkabidhi wakala ibara yao, wampe mtu asiyeujua msimbo aisome, kisha aseme ataitumia zana lini na ataiacha lini. Akishindwa, ibara iandikwe upya.